Pakiti Tupu ya Hazina

Festo Nyagawa alizikwa Jumamosi, na mkono wake wa bandia ulizikwa naye ukiwa umeshika kipande cha usukani. Waliomtoa kwenye lori walishindwa kuvikunjua vile vidole, wakaona bora wakate usukani. Nayajua hayo kwa sababu mjane wake alinipigia simu jioni hiyohiyo akanieleza yote taratibu, bila kulia, kisha akaniuliza kama mimi ndiye Eksaveria Mgaya ninayetunza jina la Hazina. Nilipojibu kuwa ndimi, akakata simu.

Jumatatu saa tatu asubuhi Vasko Kilasi aliingia ofisini kwangu, kwenye Ghala la Jabali hapa Njombe, amevaa koti zuri la kampuni ya Mzizi. Alitoa pole. Nikamwambia pole ampelekee mjane, mimi nilimwita aje aweke sahihi. Akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa, mtu niliyemwekea chuki kwa miaka minne.

Watu wengi hudhani kazi yangu ni kukaa na kunywa chai, kwa hiyo acha niieleze. Mashine haiji na programu zake zote tumboni. Huziomba. Huomba kwa jina, na ghala hutoa pakiti yenye jina lile. Tatizo ni kwamba Linux, mfumo unaoziendesha mashine zetu, ilikuwa moja kwa kusema tu. Matawi yake matatu yaliyobaki kwetu, Jabali, Mkondo na Tarazo, hayajawahi kukubaliana kitu kimoja kiitweje. Chukua hifadhidata moja, ileile, iliyoandikwa na watu walewale. Sisi wa Jabali tunaiita mche. Wenzetu wa Mkondo wanaiita mche-seva, na ukiwauliza kwa nini, watakueleza mpaka ujute. Tarazo hawana mche kabisa, wana Hazina.

Hazina ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya watu wote hadi Mzizi walipoinunua, na waliokataa kuuzwa nayo wakainakili usiku na mchana, wakaiita Mche, wakaendelea. Hata hivyo zilikuwepo mashine kibao zilizozoea kuomba Hazina, na kwa Jabali jina la zamani halifutwi. Tunaliacha kama pakiti tupu. Ndani yake hamna programu hata moja, kuna mstari tu unaosema: anayeomba hiki, mpeni kile. Pakiti tupu ya Hazina niliichukua mimi, mtunzaji wake alipofariki, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kwenye ubao wa matangazo wa ghala na mikono ya bandia ya Mafinga ilikuwa inaitegemea.

Mafinga ni mji wa mbao, na mbao zina misumeno. Karakana moja ya pale, sasa imefungwa, ilikuwa ikiwatengenezea mikono watu waliokatwa viwandani. Ni mikono inayojifunza. Kila mwendo wa mwenyewe unaandikwa kwenye hifadhidata ndogo iliyo ndani ya kifundo, unarudiwa, unanyooshwa, na baada ya miaka michache mkono unaijua kazi kuliko fundi alivyoijua kabla ya ajali. Karakana ililichoma jina la Hazina ndani ya chipu, kwa hiyo halibadiliki mpaka mkono ufunguliwe kwa bisibisi. Kila Jumatatu saa sita mchana, mikono yote elfu moja mia tisa na mitatu huuliza ghalani kama kuna Hazina mpya, na pakiti yangu tupu huielekeza kwa mche.

Kosa langu lilikuwa la mstari mmoja. Wiki saba nyuma, waandaaji wa pakiti wa Jabali waliigawa pakiti ya mche iwe mbili. Injini, yaani programu yenyewe inayoandika miendo, ikabaki na jina la mche. Kisafishaji, yaani programu inayofagia miendo ya zamani isiyotumika tena ili nafasi isijae, kikapewa pakiti yake, mche-usafi. Tangazo lilitoka, nikalisoma nikiwa nyumbani. Ilinipasa kuongeza mstari wa pili kwenye pakiti tupu. Badala yake nikajaribu kwenye kompyuta yangu ya nyumbani kuona kama injini mpya bado inajisafisha, nikaona inajisafisha, nikaridhika, nikaenda kupika. Kompyuta yangu ya nyumbani ni ya Mkondo. Kwa Mkondo jina moja bado linaleta vyote viwili.

Miaka ishirini na tatu nimewafokea wanafunzi kwamba pakiti inajaribiwa kwenye tawi lake. Vasko alikuwa mmoja wa wanafunzi hao.

Kwa wiki saba, basi, mikono haikufagiwa. Mkono ukijaa hauwezi kuandika mwendo mpya, na usipoweza kuandika unasimama palepale ulipo. Ulioshika unabaki umeshika. Festo alikuwa anashuka mlima na lori la magogo, akafika kwenye kona, na mkono ukawa umejaa.

* * *

Kuongeza ule mstari wa pili ni kazi ya dakika mbili. Lakini jina la zamani haliguswi na mtu mmoja. Zinatakiwa sahihi mbili, ya mtunzaji na ya msaidizi wake, na msaidizi wangu alikuwa bado ni Vasko. Alipohamia Mzizi hakuna aliyemwomba arudishe ufunguo. Watu wa ghala hatunyang'anyani funguo, kwetu ni aibu kubwa, tunangoja mtu mwenyewe aone haya auweke mezani. Vasko hakuona haya. Kumwondoa kwa utaratibu kunahitaji tangazo la siku ishirini na moja.

Hatukuwa na siku ishirini na moja. Mkono unapouliza Hazina hutaja pia nafasi uliyobakiza, na takwimu za Jumatatu iliyopita zilikuwa mbele yangu kwenye skrini. Kufikia Jumatatu ijayo mikono kama mia tatu ingekuwa imejaa. Mia tatu, kwenye misumeno, kwenye usukani, kwenye masufuria, kwenye mikono ya watoto wanaovushwa barabara. Nafasi ya kuifikia yote kwa pamoja ilikuwa leo saa sita.

Vasko alitoa karatasi akaisukuma upande wangu. Ilikuwa hati ya kukabidhi jina. Alieleza kwa sauti ya mtu anayeuza bima kwamba Mzizi hawana ugomvi na mtu, wanataka kilicho chao. Nikiweka sahihi, atatia yake, na saa sita mikono itapokea Hazina halisi pamoja na kisafishaji chake. Hakuna atakayekwama wala kuumia. Watu hawatajua hata kama kuna kilichobadilika.

Nilimuuliza miendo itakwenda wapi. Alijua kwamba ninajua. Hazina ikiingia inayaandika upya mafaili yote kwa namna yake, inapeleka nakala makao makuu, na kuanzia hapo Mche hauwezi kuyasoma tena kamwe. Ni njia ya kwenda tu. Mzizi wamejenga mashine za viwanda vya mbao ambazo zina nguvu na macho na hazina ujuzi. Ujuzi uko Mafinga, ndani ya vifundo elfu moja mia tisa na vitatu.

"Kwa hiyo bei ya sahihi yako ni kazi za watu wote hawa," nilisema.

"Bei ya kosa lako," alijibu. "Mimi sikusahau mstari."

Ningempiga kofi kama lingesaidia, na sioni aibu kulisema. Alikuwa ameniuma palepale panapouma, na alikuwa amesema kweli.

Nilimwambia angeweza kutia sahihi kwenye marekebisho yangu, tukawaokoa watu, kisha Mzizi wakaleta madai yao kwenye baraza la ghala kama watu wengine. Akasema baraza lina wazee watano wanaosinzia na kwamba waajiri wake hawakumtuma Njombe kuja kutoa sadaka. Akatazama saa yake. Akasema atangoja, na kama kuna chai angeshukuru. Sikumpa.

Kulikuwa na njia ya tatu, na wote wawili tuliijua, ndiyo maana hakuna aliyeitaja kwanza. Kubadili jina kunataka funguo mbili. Kulifunga kunataka mmoja tu, wa mtunzaji, kwa sababu waliotunga kanuni waliona kufunga hakuwezi kumdhuru mtu. Hawakuwahi kufikiria mikono. Mkono ukiambiwa jina ulilouliza limefungwa, unafuata amri ya usalama iliyowekwa na karakana: unakunjua vidole, unalala. Miendo haipotei, inabaki ndani imekaa kimya, hadi mtu aje na bisibisi, abadili jina unaloliuliza, aingize Mche na kisafishaji chake. Kila mkono ni dakika arobaini. Mafundi wanaoweza kazi hiyo hatuzidi watano. Na jina lililofungwa halifunguliwi tena na mtu yeyote, awe mimi au Mzizi.

Kwa maneno mengine, ningewanyima kazi watu wote kwa miezi, ili mia tatu wasikwame na Mzizi wasipate kitu. Pakiti haijui kuchagua. Inawajibu wote jibu moja.

"Hutafanya hivyo," Vasko alisema. Alikuwa ameona macho yangu yakienda kwenye kompyuta.

"Kwa nini nisifanye?"

"Kwa sababu si mikono yako. Waulize wenyewe kama wanataka kulala. Waulize kama wanajali nani anasoma miendo yao, ilimradi jioni wana unga. Wewe hutaki kuwaokoa, dada. Unataka jina lisishikwe na mimi."

Nilitoka nikasimama ukumbini. Baridi ya Njombe mwezi wa Julai inaingia hadi kwenye mifupa, na nilikuwa nimeacha sweta kwenye kiti. Sikurudi kuichukua. Nilikuwa najiuliza kama yule mshenzi amesema kweli mara ya pili.

* * *

Kuwauliza wenyewe kusingewezekana hata kwa wiki nzima. Mkono unapiga hodi ghalani kwa namba, hautaji mtu, na daftari za karakana zilitupwa ilipofungwa. Kati ya hao wote nilimjua mmoja tu. Ni kaka yangu Otmari, mnoa misumeno.

Otmari alikatwa mkono wa kulia akiwa na miaka thelathini na moja. Mkono wa bandia ndio ulioilea familia yake na kunisomesha mimi mwaka wa mwisho wa chuo. Msumeno wa mkanda una meno mia mbili na zaidi, na kila jino linataka pembe yake. Kaka hutembeza tupa juu yake huku akizungumza na mtu mwingine, bila kuangalia, na viwanda vitatu vinamgombea. Nilijua namba ya mkono wake. Nilikuwa nimeitafuta kwenye takwimu kabla ya kutafuta kitu kingine chochote, usiku ule mjane wa Festo aliponipigia. Kufikia Jumatatu hii ulikuwa umebakiza nafasi ya siku nne, labda tano.

Alipokea simu na mashine zikinguruma nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia haraka. Nikamweleza yote: kosa langu, Festo, Vasko, hati, na njia ya tatu. Sikujitetea. Alisikiliza bila kunikatiza, na hiyo si tabia yake.

Halafu akaniuliza mkono ukilala utaamka lini. Nikasema wa kwake ningeuamsha mimi mwenyewe, kwanza kabla ya wote. Akasema hakuuliza hivyo, anauliza wa watu wote. Nikamwambia miezi mitatu, pengine minne. Akasema viwanda havitangoja miezi minne. Vitaweka watu wengine, au hizo mashine za Mzizi zitakuja tu, zikiwa na ujuzi au bila.

"Wape jina lao," alisema. "Wachukue wanachotaka kuchukua. Mimi nimebakiza miaka sita ya kazi, baada ya hapo wasome hadi wachoke."

"Kaka, vipi wale wenye miaka thelathini mbele yao?"

"Umenipigia mimi. Umeniuliza mimi. Nami nimekujibu. Usinizime, Eksaveria. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Akasema ana mikanda kumi na miwili ya kunoa kabla ya saa kumi, akakata.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilisimama pale na simu mkononi, nikiwa na hasira naye, hasira kali, ya kitoto, kwa sababu nilimpigia ili aniambie nifunge. Nilikuwa nimeshaamua kabla sijabonyeza namba yake. Nilitaka tu mwenye mkono mmoja anipe ruhusa, na huyo mmoja alikataa.

* * *

Niliporudi Vasko alikuwa amesogeza hati katikati ya meza na kuweka kalamu juu yake. Niliketi mbele ya kompyuta. Nikamwambia kwamba kaka yangu anasema niweke sahihi.

"Basi kaka yako ana akili," alisema.

Nikafungua ukurasa wa majina, nikaandika tangazo. Kanuni inataka sababu, nami nikaiandika yote bila kuipamba: kwamba mtunzaji alisahau kuomba mche-usafi, kwamba alijaribu kwenye tawi lisilo lake, kwamba mtu mmoja amekufa, kwamba mikono yote italala saa sita na itaamshwa mmoja mmoja kuanzia Mafinga. Kisha jina langu kamili na namba ya simu. Vasko alisimama nyuma yangu akisoma kadiri nilivyoandika, na nilimsikia pumzi zikibadilika.

Alisema watu watanichoma. Alisema nitafungwa. Alisema, na hapa sauti ya kuuza bima ilikuwa imemwisha, kwamba angeweza kuwapigia waajiri wake, pengine wangekubali kuacha nakala za miendo isipokuwa za wanoa misumeno na wachonga fanicha, nimpe dakika ishirini. Saa sita kasoro dakika kumi mtu anaomba dakika ishirini.

"Tia sahihi kwenye mstari wa pili," nilimwambia. "Hapo, sasa hivi. Ufunguo unao mfukoni. Nitaacha kufunga."

Aliingiza mkono mfukoni. Naapa aliuingiza, na kwa muda nilimwona yule mwanafunzi wangu aliyekuwa akilala chini ya meza ya ghala wakati wa matoleo mapya. Halafu simu yake ikaita, akaiangalia, akaipokea akitoka nje. Nilimngoja hadi saa sita kasoro dakika tatu. Hakurudi.

Nikafunga jina.

Saa sita kamili, skrini ilianza kuhesabu. Mikono ilipiga hodi, ikajibiwa, ikalala. Mia, mia tano, elfu. Ilichukua chini ya dakika moja. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ni saa ya chakula, kwamba wengi watakuwa wameweka vifaa chini. Ni kweli kwa wengi. Mama mmoja wa Makambako alikuwa ameshika karai la mafuta ya chipsi, na mafuta yakammwagikia miguuni. Fundi umeme aliachia ngazi, akavunjika nyonga. Wote wawili walinipigia simu, au ndugu zao, kabla ya saa nane. Hakuna mkono hata mmoja uliokwama tena wiki ile, na hakuna mtu hata mmoja aliyenipigia kunishukuru kwa mkono wake kutokukwama.

Otmari hakupiga.

* * *

Jumatano tulikuwa Mafinga. Kiwanda kimoja kilitupa ghala lake la mbao bure, meza nne na umeme, na wenzangu watatu wa Jabali walikuja na bisibisi zao, ingawa wawili kati yao hawakunisalimia. Foleni ilianzia mlangoni ikazunguka rundo la magogo hadi barabarani. Watu walikuwa wamening'iniza mikono yao mbele kwa vitambaa, na kila aliyefika mezani kwangu alikuwa na neno la kunipa. Mzee mmoja alinitemea mate kwenye bega. Nilijifuta, nikamfungulia kifundo. Mjane wa Festo naye alikuja, hakuwa na mkono wa kutengenezwa, akasimama ukutani akinitazama kwa saa nzima, kisha akaondoka zake.

Kaka nilikuwa nimemwahidi wa kwanza, lakini hakuja wa kwanza. Alikuja alasiri, amepanga foleni kama wengine. Shavu lake la kushoto lilikuwa na bandeji kutoka sikioni hadi kidevuni. Mkanda wa msumeno unakunjwa kwa nguvu ili uingie kwenye mtambo, na alikuwa ameukunja hivyo, saa sita kamili, vidole vilipofunguka na mkanda ukafyatuka.

"Shikamoo, kaka," nilisema.

Aliketi. Hakuitikia. Miaka yote ya maisha yangu, hata siku aliyokatwa mkono, hata siku tuliyomzika baba, hajawahi kuniachia shikamoo ikaning'inia hewani. Akauweka mkono wa bandia mezani kwa kuuinua kwa ule mwingine.

Nikaanza kazi. Skrubu nne za kifundo, kifuniko, waya. Nikaingiza Mche, nikaingiza mche-usafi, nikaviona vyote viwili kwa macho yangu kwenye orodha, nikaangalia tena. Ufagiaji ukaanza, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Dakika arobaini tukakaa tukitazamana, mimi na ndugu yangu wa pekee.

"Vasko alitaka kuchukua ninachokijua," alisema mwishowe. "Hilo nililielewa. Ni mwizi, mwizi unamjua. Wewe uliniuliza. Kwa nini uliniuliza?"

Ningeweza kumwambia kuhusu wale mia tatu. Ningeweza kumwambia kwamba wa kwake ulikuwa umebakiza siku nne, kwamba kabla ya wiki kuisha pengine angekuwa amekwama kwenye mtambo, na shavu lingekuwa kitu kidogo. Yote ni kweli na yote anayajua, nilimwambia kwenye simu.

"Nilitaka ukubali," nilisema.

"Na nilipokataa?"

Nilijisikia mdogo na mchafu, na wakati huohuo nilijua kwamba ikirudi Jumatatu ile nitafunga tena, na kwamba yeye anaisoma hiyo usoni kwangu. Kuna kosa nililotubu kwa umma, limebandikwa ubaoni na jina langu. Hili lingine sikuwa nimelitubu, kwa sababu sikuwa nalijutia.

Ufagiaji ukaisha. Vidole vikatetemeka, vikajikunja kimoja baada ya kingine, kuanzia cha mwisho hadi gumba. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Otmari akachomoa tupa kwenye mfuko wa koti, akaishika, akaisukuma hewani mara tatu kwa ile pembe yake, na ilikuwa sawasawa kabisa. Hakuna kilichopotea. Watu wa foleni waliokuwa karibu wakasogea kutazama.

Kisha akairudisha tupa mfukoni. Akaupeleka mkono wa kushoto kwenye mikanda ya begani, akafungua kibano cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akauvua mkono akaulaza mezani mbele yangu.

"Nitajifunza kwa kushoto," alisema. "Huu wangu haukuulizi wewe kila Jumatatu."

Nikamwambia kaka, una miaka hamsini na tisa. Nikamwambia meno mia mbili. Nikasema maneno mengine ambayo siyakumbuki. Alikuwa ameshasimama, mkono wa shati umelegea, na watu walimpisha akapita katikati yao hadi nje.

Mkono uliofagiwa hurudia miendo yake kwa muda ili kuijaribu, awepo mwenyewe au asiwepo. Ule wa Otmari ulianza kutembea juu ya meza yangu, ukienda na kurudi kwa pembe ileile, ukinoa kitu ambacho hakikuwepo. Mwanamke aliyefuata kwenye foleni alikuwa amekwisha kuketi, akaniambia nimwondolee hicho kitu mbele yake, kinamtia hofu. Nikatafuta swichi chini ya kifundo, nikauzima.